Sumaku Kichwani: Kabla Uite Ukora, Skiza Hii Stori

Wiki tatu zilizopita mjomba wangu alituma video kwa grupu ya WhatsApp ya familia. Si unajua zile video zimetumwa mara mia hadi picha imechoka? Kuna mama wa Kizungu ameketi kwa kiti kama cha daktari wa meno. Upande wa kushoto wa kichwa, juu ya paji la uso, amewekewa kitu kama namba nane ya plastiki, na kile kitu kinagonga ta-ta-ta-ta-ta, kinanyamaza, kinagonga tena. Chini imeandikwa hiyo ni mashine ya sumaku na inatibu dipresheni bila dawa. Mjomba akamalizia na yake: tuchange, tumpeleke huyu msichana India.

Huyu msichana ni binamu yangu. Tumelelewa boma moja, tumekula sufuria moja, na yeye ndiye alinifunza kuendesha baiskeli. Huu ni mwaka wa pili hajakuwa yeye. Halii, maanake watu hudhani dipresheni ni kulia. Anakaa tu. Ukimpigia simu anashika, halafu unasikia anapumua, na swali lako linabaki hapo hewani. Alipewa dawa ya kwanza, ikakataa. Ya pili imemsaidia kulala lakini haijamrudisha.

Ndugu zetu wa Tanzania wana jina la huu ugonjwa, wanauita sonona. Mimi nalipenda, linasikika kama kitu kinachouma. Sisi huku tunasema msongo wa mawazo, neno lile lile tunalotumia mtu akichelewa kulipa kodi ya nyumba, kisha tunashangaa mbona hakuna anayeuchukulia kwa uzito.

Basi grupu ikawaka. Mmoja akasema ni maombi tu yanahitajika. Mwingine akasema kama ni sumaku, si kuna zile bangili za sumaku zinauzwa kwa stendi, mbona tupande ndege? Binamu mwingine akasema hii ni njama ya kula pesa za watu weusi. Halafu mama mdogo, ambaye ndiye mama yake, ambaye kwa kawaida haandiki kitu kwa grupu, akaniandikia kando: "Mwanangu, wewe si ndiye wa mambo ya intaneti? Hii ni ukweli ama tunachezwa?"

Nikamwambia nipe muda. Nimesoma wiki mbili, usiku, na bando limeisha mara tatu. Nilichopata si jibu la ndiyo ama la. Ni stori ndefu, na kuna mahali inapita hapa hapa Nairobi, karibu na barabara ya Thika. Sikutarajia hiyo.

Tuanze na kuchezwa, kwa sababu mtu akisikia sumaku inatibu akili na asishuke moyo, hajui historia. Watu walishachezwa vizuri sana.

Mwaka wa 1774, mji wa Vienna, daktari mmoja kwa jina Franz Anton Mesmer alimnywesha mgonjwa wake dawa yenye chuma, halafu akamfunga sumaku mwilini. Yule mwanamke akasema anahisi kitu kama maji kikipita ndani yake, na akapata nafuu. Mesmer akaamua amegundua siri ya dunia: kuna majimaji yasiyoonekana yanapita kwa kila kitu, na ugonjwa ni pale yanapoziba. Baada ya muda akaziweka kando hata sumaku zenyewe, akasema mikono yake inatosha. Mwaka wa 1778 akahamia Paris, na huko akawa staa. Alikuwa na beseni kubwa la mbao lenye vyuma vinavyotokeza nje. Matajiri wanalizunguka, kila mmoja anashika chuma chake, chumba kina giza kidogo, muziki unapigwa kwa chombo cha vioo. Watu wanatetemeka, wanaanguka, wanalia, wanaamka wakisema wamepona. Kama umewahi kwenda krusedi ya uwanjani, hiyo picha hauhitaji kuelezewa.

Mfalme Louis wa 16 akapata wasiwasi. Mwaka wa 1784 akaunda tume. Ndani kulikuwa na Antoine Lavoisier, mtu wa kemia, daktari Guillotin, na mwenyekiti alikuwa Mmarekani mzee, Benjamin Franklin, ambaye kwa bahati ndiye alibuni kile chombo cha muziki cha vioo. (Miaka 10 baadaye Lavoisier alikatwa kichwa kwa mashine yenye jina la Guillotin. Kuna wakati historia haina adabu.)

Franklin alikuwa mgonjwa wa miguu, kwa hivyo baadhi ya majaribio yalifanyiwa nyumbani kwake, Passy. Na hapa ndipo walifanya kitu kitamu. Walimchukua mwanafunzi wa Mesmer, akaupa "nguvu" mti mmoja wa aprikoti kwa bustani. Kisha wakamleta kijana wa miaka 12 ambaye walisema anashikwa haraka sana na ile nguvu, wakamfunga macho, wakamwambia akumbatie miti mmoja baada ya mwingine. Mti wa kwanza akatokwa jasho. Wa pili akasema kichwa kinauma. Wa tatu, kimezidi. Wa nne akazirai, akaanguka kwa nyasi. Shida ni moja tu: ule mti wenye nguvu hakuufikia. Wote wanne ulikuwa miti ya kawaida.

Tume ikaandika kwamba hayo majimaji hayapo, kinachofanya kazi ni mawazo ya mgonjwa. Angalia hawakusema yule kijana alikuwa mwongo. Alizirai kweli. Akili ikiamini kitu, mwili unafuata. Huyo kijana mweke akiba, tutamhitaji.

Sasa turuke hadi London, 1831. Michael Faraday alikuwa mtoto wa fundi wa vyuma, akaanza maisha kama mwanagenzi wa kufunga vitabu, akisoma vile vitabu alivyoletewa na wateja. Hakukuwa na chuo. Huyu ndiye aligundua jambo ambalo bila hilo usingekuwa na stima kwa nyumba: sumaku ikibadilika karibu na waya, umeme unazaliwa ndani ya ule waya bila chochote kuugusa.

Neno la kushika hapo ni *ikibadilika*. Sumaku iliyotulia haizalishi kitu. Unaweza kuilalia mwaka mzima. Kwa hivyo ile bangili ya stendi, pole sana kwa wenye wamenunua, ni urembo. Lakini sumaku inayowaka na kuzima kwa kasi ya ajabu, hiyo ni kitu kingine. Chaja ya simu isiyo na waya inafanya kazi hivyo. Na ubongo wako, kimwili, ni kitu chenye maji na chumvi, na maji ya chumvi hupitisha umeme. Fuvu huzuia umeme sana. Sumaku hailioni fuvu, inapita tu kama hakuna kitu.

Kuna watu walijaribu mapema. Mwaka wa 1896 Mfaransa d'Arsonval aliweka vichwa vya watu ndani ya koili kubwa, wakaona vimulimuli machoni na kizunguzungu. Mwaka wa 1910 Silvanus Thompson akafanya vivyo hivyo Uingereza. Kisha mambo yakalala, kwa sababu hakukuwa na mitambo ya kuachilia umeme mkubwa kiasi hicho kwa wakati mfupi kiasi hicho.

Lakini madaktari hawakukaa kungoja sumaku. Na hii sehemu nitaipita haraka, kwa sababu inaniumiza.

1935, Lisbon. Egas Moniz anaanza kutoboa fuvu za wagonjwa na kukata nyuzi zinazounganisha sehemu ya mbele ya ubongo na kwingine. Mwaka wa 1949 alipewa Nobel kwa hiyo kazi. Nobel! Marekani, Walter Freeman akaipeleka mbali zaidi, kufikia 1946 alikuwa anapitisha chuma juu ya jicho. Dada yake Rais Kennedy, Rosemary, alikatwa hivyo mwaka wa 1941 akiwa na miaka 23. Hakuwahi kujitegemea tena hadi alipokufa 2005.

1938, Roma. Ugo Cerletti na Lucio Bini wanapitisha umeme kwa kichwa cha mtu ambaye polisi walimpata akizurura kwa stesheni ya treni. Cerletti mwenyewe alisimulia baadaye kwamba baada ya shoti ya kwanza yule mtu aliwaomba wasirudie. Walirudia. Niseme ukweli pia: matibabu ya umeme yapo hadi leo, yanafanywa mtu akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, na kwa dipresheni iliyo kali kabisa bado ni kati ya tiba zenye nguvu zaidi tulizo nazo. Si ile ya kwenye filamu. Lakini yule mtu wa stesheni aliomba wasirudie.

Na mwaka huo huo wa 1938, hapa Nairobi, serikali ya kikoloni ilimkabidhi hospitali ya Mathari daktari wa kawaida kwa jina J. C. Carothers. Hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Mathari yenyewe ilikuwa imeanza 1910 kama mahali pa kufungia watu waliosemekana wamerukwa na akili. Carothers akakaa hapo zaidi ya miaka 10, akawa ndiye "mtaalamu wa akili ya Mwafrika."

Mwaka wa 1951 aliandika makala kwa jarida la madaktari wa akili la Uingereza kuhusu Mwafrika na sehemu ya mbele ya ubongo. Hoja yake ni kwamba hatuitumii sana. Alitulinganisha na Mzungu aliyekatwa ubongo, ile operesheni ya Moniz. Mwaka wa 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake. Mwaka wa 1954 serikali ikachapisha ripoti yake kuhusu Mau Mau, akieleza ni shida ya akili ya Wakikuyu, si mashamba yaliyochukuliwa. Na kati ya mambo aliyodai ni kwamba dipresheni ni adimu sana kwa Mwafrika.

Nilipofika hapo nilifunga simu nikaenda kutembea nje, saa saba usiku.

Hebu fikiria. Nani alikuwa anapelekwa Mathari? Aliyerusha mawe, aliyevua nguo sokoni, aliyekosana na askari. Mtu anayekaa tu kimya kwa nyumba ya mamake, asile, asiongee, nani angempandisha lori hadi Nairobi? Carothers alihesabu waliomletwa, akafikiri amehesabu Afrika nzima. Frantz Fanon, ambaye alikuwa daktari wa akili huko Algeria, alimtaja kwa jina mwaka wa 1961 na kumuanika. Thomas Lambo wa Nigeria naye akaonyesha kwa kazi yake kwamba Waafrika wanaugua dipresheni kama watu wote. Lakini yale maneno hayajatoka kwetu kabisa. Kila ukisikia "dipresheni ni ya Wazungu," mjue hiyo sentensi ilipita mikononi mwa daktari wa kikoloni kabla ifike kwa mdomo wa mjomba wako. Na hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipoamua inapingana na Katiba, tulikuwa na kifungu cha 226 cha sheria ya jinai, urithi wa enzi hizo hizo, kinachomshtaki mtu aliyejaribu kujiua. Unatolewa hospitali unapelekwa kortini.

Sawa. Pumua. Turudi kwa sumaku.

1980, Uingereza, Merton na Morton walionyesha unaweza kugusa ubongo kwa umeme kupitia ngozi ya kichwa, na mkono wa mtu ukaruka. Iliwezekana, lakini iliuma vibaya. Hakuna mtu angekaa kwa hicho kiti mara mbili.

Jibu lilitoka Sheffield, mji wa vyuma, si mji wa watu wakubwa. Anthony Barker alikuwa mtu wa fizikia ya hospitali, anafanya kazi na wenzake Reza Jalinous na Ian Freeston. Kwa miaka kadhaa alikuwa anahangaika kutengeneza sumaku ya kugusa neva za mkono. Wazo ni lile la Faraday: jaza umeme kwa kapasita, uachilie wote mara moja kupitia koili ya waya, kwa muda mfupi kuliko sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kwa huo muda nguvu ya sumaku inakaribia ile ya mashine ya MRI, halafu inapotea. Mwaka wa 1985 waliweka koili juu ya kichwa, mahali panapoongoza mkono, wakabonyeza. Vidole vikaruka. Hakuna sindano, hakuna damu, hakuna maumivu ya kuogopesha. Walibeba mashine hadi London kuwaonyesha wataalamu wa hospitali ya Queen Square, na mwaka huo huo makala fupi ikatoka kwa jarida la Lancet.

Ninachopenda ni kwamba Barker hakuwa anatafuta tiba ya akili. Alitaka kupima kama njia ya ujumbe kutoka ubongo hadi misuli iko sawa. Kama fundi wa stima anayejaribu waya.

Wa kuipeleka kwa dipresheni ni kizazi kilichofuata. Picha za ubongo zilikuwa zimeanza kuonyesha kwamba kwa watu wengi wenye dipresheni, sehemu ya mbele upande wa kushoto imepoa, haifanyi kazi kwa kiwango chake. Mark George, daktari wa Marekani, akajiuliza: kama ile sumaku inaweza kuamsha kidole, inaweza kuamsha hapo? Na si kwa pigo moja, ni kwa kugonga mara kwa mara, kila siku, hadi zile seli zizoee kuwaka. Mwaka wa 1995 alitoa matokeo ya watu 6 ambao dawa zilikuwa zimewakataa. Sita tu. Wawili walipata nafuu kubwa.

Walijuaje pa kuweka? Hii nilicheka. Wanatafuta kwanza ile sehemu ya kichwa ambayo ukiigonga kidole gumba kinaruka. Wakiipata, wanapima sentimita 5 kwenda mbele. Basi. Kama fundi cherehani na tepu yake. Siku hizi wengine wanatumia picha za MRI, lakini kwa miaka mingi ilikuwa ni tepu.

Na sasa muone ni wapi hapo. Sehemu ya mbele ya ubongo. Ile ambayo Moniz aliikata, ile ambayo Carothers aliandika kwamba sisi hatuna shughuli nayo sana.

Lakini swali la mama mdogo bado liko pale pale. Watu 6 si kitu. Mesmer alikuwa na mamia wanaosema wamepona. Tofauti ni nini?

Tofauti ni yule kijana wa bustanini. Watafiti wa sumaku walijua kabisa kwamba mtu akikaa kwa kiti kikubwa, mbele ya mashine ya bei, na daktari mwenye koti jeupe anamwangalia kila asubuhi, atajisikia nafuu hata kama mashine imezimwa. Kwa hivyo wakatengeneza mashine feki. Inagonga kama ile ya kweli, inatekenya ngozi, lakini sumaku haifiki kwa ubongo. Nusu ya wagonjwa wanapata ya kweli, nusu feki, na hakuna mgonjwa anayeambiwa amepata gani. Yaani walijifunga macho wenyewe, kama Franklin alivyomfunga yule kijana.

Na matokeo hayakuwa ya kupiga vigelegele. Nitawapa namba, kwa sababu video ya mjomba haikuwa na namba. Utafiti mmoja mkubwa uliolipiwa na serikali ya Marekani ulitoka mwaka wa 2010, watu 190. Waliopona kabisa kwa mashine ya kweli walikuwa kama 14 kwa kila 100. Kwa mashine feki, kama 5. Ukiangalia kwa jicho la haraka utasema, ni hiyo tu? Ukiangalia polepole utaona ni karibu mara tatu, kwa watu ambao dawa zilikuwa zimewashinda. Mimi bado naona vyote viwili kwa wakati mmoja.

Hata shirika la Marekani linaloidhinisha dawa na mitambo, FDA, halikukubali kirahisi. Mwaka wa 2007 kamati yake ya washauri ilikaa na data ya wagonjwa 301 ikaondoka haijaridhika. Kibali kikatoka Oktoba 2008. Mwaka wa 2018 wakaongeza ugonjwa wa mawazo yanayojirudia, ule wa mtu anayenawa mikono hadi ngozi inatoka. Nje ya majaribio, kwa kliniki za kawaida, matokeo yanaonekana mazuri zaidi: kati ya wagonjwa 307 waliofuatwa, matokeo yakitoka 2012, zaidi ya nusu walipata nafuu na zaidi ya theluthi moja walipona. Lakini hapo hakukuwa na mashine feki ya kulinganisha, kwa hivyo mkumbuke mti wa aprikoti.

Kilichonipa moyo ni Kanada, 2018. Hadi wakati huo kikao kimoja kilichukua dakika 37 na nusu. Wakajaribu mpigo mwingine wa haraka, uliobuniwa London miaka ya 2000, wa dakika 3 tu. Wagonjwa 414. Matokeo yakalingana. Dakika 3! Hiyo inamaanisha mashine moja inaweza kuhudumia foleni, na kwa nchi kama yetu foleni ndiyo kila kitu. Kule Stanford nao wakabana kila kitu kwa siku 5, vikao 10 kwa siku, wakilenga kwa picha za MRI. Karibu 8 kwa kila 10 walipona, lakini utafiti ulikuwa na watu 29 pekee. FDA ikakubali 2022. Mimi ningetaka kuona ukifanywa na watu wengi zaidi kabla niuze ng'ombe.

Kwa hivyo nilimpigia mama mdogo, si kwa ujumbe, kwa simu. Nikamweleza hivi.

Si ukora. Ni tiba ya kweli. Pia si muujiza, kuna wengi haiwasaidii, na kuna wanaopata nafuu halafu giza likarudi baada ya miezi. Mtu mwenye chuma kichwani ama kifaa cha kusikia kilichopandikizwa sikioni hawezi. Degedege inaweza kutokea, ingawa ni kwa chini ya mtu mmoja kwa kila elfu. Na ile ya kawaida, isiyo ya siku 5, ni kila siku ya kazi kwa wiki 4 hadi 6, kwa hivyo India haimaanishi tiketi tu. Inamaanisha mwezi na nusu wa nyumba na chakula kwa watu wawili, kwa sababu hatamwacha peke yake. Kabla ya hapo kuna dawa ya tatu hajajaribu, na kuna ushauri nasaha alienda mara mbili akaacha kwa sababu nauli. Ile pesa ya mchango ingelipa hiyo nauli miaka. Na asiache dawa anayomeza sasa kwa sababu ya video.

Mama mdogo alisikiliza yote. Hakuuliza kuhusu Faraday, hakuuliza kuhusu asilimia.

"Inauma?"

Nikamwambia wanasema ni kama ndege anakugonga kichwani, kigong'ota, kwa dakika kadhaa. Mtu yuko macho. Anaweza kusema simamisheni, na wanasimamisha.

Akanyamaza kidogo. Halafu akaniambia, "Sasa hayo yote si ungemwambia mwenyewe?"

Manze. Wiki tatu. Grupu ya watu 31, mjomba na orodha ya mchango, mimi na Lancet yangu usiku wa manane, na hakuna mtu alikuwa amemuuliza. Hata hayuko kwa hiyo grupu, alitoka mwaka jana.

Nilienda Jumamosi. Tulikaa nje, kwa ile ngazi tuliyokuwa tunateremkia na baiskeli. Nikamuonyesha video. Aliitazama mara mbili, mara ya pili akaongeza sauti kusikia ile ta-ta-ta. Kisha nikamweleza vile nimewaeleza nyinyi, pamoja na Carothers, ingawa niliogopa ni mengi. Alipofika kwa yule kijana aliyezirai kwa mti usio na kitu, akacheka. Kidogo, kwa pua. Mimi nilikuwa nimesahau anachekaga kwa pua.

Akasema kuhusu mashine atafikiria, lakini India hapana, hataki kuwa mgonjwa mahali hajui mtu. Kuhusu ushauri nasaha akauliza kama ile nauli ni ya kweli ama ni maneno.

Nauli ni ya kweli. Mjomba ametuma ya mwezi wa kwanza, pamoja na video nyingine ambayo sijaifungua.